Mapambo ya kila siku: vaa yanayokufanana

Juma hili tunaongea juu ya mapambo ya kila siku: herini, pete, vikomo vya mkononi, na ile mikufu ambayo wengi wetu tunaiita sheneti. Tunajua kuna atakayesema, "Bei ya makala imepanda, na nyinyi mnatuletea maneno ya herini!" Mama, tuvumilie kidogo. Neno hili limeingia katikati yetu na limeumiza watu, na sisi tunaoandika safu hii tuna kosa letu ndani yake. Kwa hiyo tuanze na kosa, mashauri yatafuata.

Kosa letu la mwezi wa tatu

Mnakumbuka tulivyotayarisha tarehe 8 mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake. Kikwembe cha wote kilichaguliwa mapema, na kila mama alipewa muda wa kukilipa kidogo kidogo. Hapo hapakuwa na shida. Kisha mmoja wetu akaleta wazo la kuongeza seti: herini, mkufu na kikomo, vyote vya rangi ya dhahabu, dola 12 kwa kila mama. Wazo likapigiwa makofi. Sisi nasi tukaandika hapa hapa kwamba mama asiye na seti ataharibu mstari. Tuliandika kwa mchezo, lakini tuliandika.

Siku yenyewe ilipendeza, hatuwezi kusema uongo. Lakini picha zilipofika tukahesabu watu, tukaona kwamba wenzetu tisa hawamo. Tukagawana nyumba, tukaenda kuwasalimia. Wawili walikuwa wagonjwa. Mmoja alikuwa na matanga. Sita walikuwa wamebaki nyumbani, wazima, na kikwembe chao kipya kimekunjwa ndani ya sanduku.

Mmoja wa hao sita ni mama anayeuza sambaza sokoni Kadutu. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akatuuliza habari za watoto. Kisha akasema: "Kikwembe nililipa. Dola 12 za seti sikuzipata. Na kikomo changu, niliambiwa mbele ya mkutano kwamba ni kitu cha wazee, tena kinanuka samaki." Alikuwa anaongea juu ya kikomo cha shaba nyekundu alichopewa na mama wa mama yake siku alipoolewa. Tangu siku hiyo hakivui, isipokuwa wakati wa kukisugua.

Mama wa pili tunayetaka kumtaja hakukosa kwenye picha. Yuko mstari wa mbele, anacheka. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ilipita majuma mawili ndipo tukajua kwamba dola 12 zake zilitoka kwenye pesa ya minerval, na kwamba mtoto wake alirudishwa nyumbani siku nne. Herini zenyewe zilimvimbisha masikio mpaka yakatoa maji. Tulipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu: "Minerval ningeitafuta tena. Lakini macho yenu, wamama, ningeyapeleka wapi?"

Wote wawili wametupa ruhusa ya kuandika haya bila majina. Tunawashukuru, na tunawaomba radhi mbele yenu wote.

Pambo lako ni lipi?

Tulichanganya vitu viwili. Kuna pambo la sherehe, na kuna pambo la kila siku. Pambo la sherehe unalivaa mara chache kwa mwaka, mbele ya watu ambao wengine hawakujui. Pambo la kila siku linakwenda nawe sokoni, shambani, darasani na kanisani. Mtoto analishika anapolala kifuani pako. Ukilisahau nyumbani, unajisikia kama mtu aliyetoka bila viatu.

Siku ile tulipokuwa tunamtafuta yule mama sokoni, hatukujua anaketi upande gani. Tukamwuliza kijana anayesukuma mkokoteni. Akatuuliza: "Mnataka yule wa kikomo chekundu?" Hakutaja jina lake, wala hakutaja samaki, kwa sababu wauza sambaza mahali pale ni wengi. Alimtambua kwa kikomo. Sisi tulikuwa tunakwenda kumhurumia mama asiye na seti, kumbe kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa na pambo lake.

Hiyo ndiyo maana ya kuwa na namna yako ya kujipamba. Ni vitu vichache, vinavyopatana na mwili wako, kazi yako na mfuko wako, ambavyo umevivaa muda mrefu mpaka watu wanaona ni sehemu yako. Havinunuliwi vyote siku moja, na mtu mwingine hawezi kukuchagulia.

Hicho tulichokiita "cha wazee"

Tulipocheka kikomo cha shaba tulisahau tulikotoka. Pande hizi za Ziwa Kivu, mama zetu wa zamani walivaa butega, yaani pete zilizosukwa vizuri kwa nyuzi za mimea. Mwanamke alizivaa miguuni nyingi kwa pamoja. Katika karne ya 19 butega zilikuwa pia pesa: zilizunguka katika biashara ya kandokando ya ziwa, watu wakazipokea kama sisi tunavyopokea franka. Kwa hiyo mama aliyevaa butega alikuwa amevaa pambo na akiba yake kwa wakati mmoja.

Twende mbali kidogo, upande wa kusini wa nchi yetu, Katanga. Kule Sanga, kwenye Ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958. Walikuta watu waliozikwa kwa heshima miaka mingi sana kabla Mzungu wa kwanza hajafika, na pamoja nao vikomo na mikufu ya shaba, shanga na simbi. Shaba ya Katanga, ambayo leo inakwenda kutengeneza nyaya za umeme duniani, ilikaa kwanza kwenye mikono na shingo za watu wetu.

Hatusemi kila mama arudie butega. Tunasema tu kwamba pambo la zamani lililo nyumbani mwako si la kuonea haya. Kabla ya kutazama meza ya mchuuzi, tazama ndani ya sanduku lako.

Anza kwa kumwaga vyote

Siku moja ukiwa na nafasi, tandika kikwembe kitandani na umwage juu yake kila pambo ulilo nalo, hata lile lililokatika. Gawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile unavyovaa bila kufikiri. Mara nyingi ni viwili au vitatu tu. Viangalie vizuri, maana vinakuambia kitu juu yako. Labda vyote ni vidogo. Labda vyote ni vya rangi ya fedha. Labda hupendi kitu shingoni kabisa. Hiyo tayari ni namna yako, na ulikuwa nayo bila kuijua.

Fungu la pili ni vile unavyopenda lakini huvivai. Jiulize kwa nini. Kama mkufu umekatika, mpelekee fundi. Kuunga kiungo kimoja si gharama ya kununua mkufu mpya. Kama herini moja imepotea, iliyobaki inaweza kufungwa kwenye mkufu. Kama shanga zimekatika uzi, zitunge upya kwa uzi wa nailoni, mfundishe na binti yako.

Fungu la tatu ni vile vinavyokuumiza: vinavyowasha, vinavyovuta sikio, na vile vinavyokukumbusha deni au maneno mabaya. Hivyo mpe anayeweza kuvivaa, au uvitoe nyumbani. Mama mwalimu seti yake iko katika fungu hili.

Tazama siku yako ilivyo

Pambo la kila siku lazima lipatane na kazi. Mama mwenye mashini ya kusaga, au anayeketi karibu nayo, asivae mkufu mrefu wala kikomo kinachoning'inia. Mashini haichagui kati ya nguo na shingo. Anayelima anaweza kuacha pete nyumbani, kwa sababu udongo hauirudishi. Wauguzi huvua pete na vikomo wanapowahudumia wagonjwa, kwa maana chini ya pete maji na sabuni havifiki vizuri na uchafu unabaki. Hao waangalie masikio: herini ndogo inayobana sikio inatosha.

Anayebeba mtoto mgongoni au anayenyonyesha anajua vidole vya mtoto vinavyopenda herini ndefu. Tumeona sikio likichanika kwa njia hiyo. Kwa miezi hiyo vaa herini fupi, ndefu zingoje. Na mtoto mwenyewe asilazwe na uzi wa shanga shingoni. Uzi unaweza kumkaba usiku, na shanga ikikatika inaingia mdomoni.

Anayepanda moto kila siku akumbuke kofia ya dereva: kuivaa na kuivua kunanasa herini kubwa. Na anayerudi nyumbani giza limeingia afiche mkufu ndani ya blauzi, au auweke mfukoni kabla ya kutoka. Hakuna mkufu unaostahili kupiganiwa njiani.

Wajawazito, tuna neno kwenu. Miezi ya mwisho vidole huvimba kidogo, na pete iliyokuwa inaingia vizuri inakwama. Ivue mapema, uifunge kwenye mkufu au uiweke mahali salama. Bwana akiuliza, mwambie inapumzika. Ila kama mikono na uso vinavimba ghafla, na kichwa kinauma sana au macho yanaona giza, hilo si neno la pete tena. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Pete ikikwama, usivute kwa nguvu. Inua mkono juu kwa muda, paka sabuni au mafuta, kisha izungushe polepole ukiitoa. Kidole kikianza kuwa cha buluu au kufa ganzi, waende wakakate pete. Pete inaungwa, kidole hakiungwi.

Chagua kitu kimoja kiwe msingi

Baada ya hapo, chagua kitu kimoja ambacho utakivaa karibu kila siku. Ndicho msingi. Kwa mmoja ni kikomo, kwa mwingine ni herini za duara, kwa mwingine ni msalaba mdogo kwenye mkufu, au pete ya ndoa peke yake. Vingine vyote vitakuja kukifuata hicho. Kama msingi wako ni wa shaba nyekundu, herini za mbao, za pembe ya ng'ombe au za shanga za rangi ya udongo zitapatana nacho. Kama ni wa rangi ya fedha, tafuta vinavyokaribiana nayo. Kuchanganya si dhambi, ila kuchanganye kwa kupenda, si kwa kukosa.

Vikwembe vyetu vina maneno mengi: maua, ndege, taa, duara kubwa za rangi tatu. Kikwembe kikiongea sana, pambo linyamaze kidogo. Siku ya nguo ya rangi moja, hapo ndipo shanga kubwa zinapata nafasi ya kuongea. Desturi inayosaidia wengi wetu ni hii: chagua mahali pamoja pa kuonekana, ama masikio, ama shingo, ama mikono. Ukiwa na kitambaa kikubwa kichwani, herini ndogo zinatosha. Blauzi ikiwa na shingo iliyoshonwa kwa mapambo mengi, acha mkufu nyumbani, vaa kikomo. Blauzi ikiwa na shingo wazi, mkufu mfupi unapendeza.

Kwa mama mwenye shingo fupi, mkufu unaoshuka mpaka kifuani unarefusha. Kwa mwenye uso mpana, herini ndefu kidogo zinapendeza kuliko duara kubwa. Lakini hizi si sheria. Kioo chako na jirani asemaye kweli wanajua kuliko sisi.

Kujua unachonunua

Dhahabu inachimbwa katika milima yetu, Kamituga na kwingineko, lakini si kila kinachong'aa Bukavu ni dhahabu. Vitu vingi vya rangi ya dhahabu mezani kwa wachuuzi ni shaba au chuma kilichopakwa juu juu. Rangi hiyo inaondoka kwa jasho, marashi na sabuni. Hakuna ubaya kukinunua kama unalipa bei yake na unajua ni nini. Ubaya ni kulipa bei ya dhahabu kwa kitu kilichopakwa.

Tafuta alama ndogo iliyogongwa ndani ya pete au kwenye ndoano ya mkufu. 750 maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000, sehemu 750 ni dhahabu. Ndiyo inayoitwa karati 18. 585 ni karati 14. 925 ni fedha. Hata hivyo mwongo naye anaweza kugonga alama. Kwa hiyo nunua kwa fundi anayejulikana, apime uzito mbele ya macho yako, akupe karatasi iliyoandikwa uzito na karati. Wengine hutumia sumaku. Sumaku ikikivuta kitu kwa nguvu, si dhahabu safi. Lakini isipokivuta, bado hujajua, maana shaba nayo haivutwi.

Masikio ya mama mwalimu yalivimba kwa nini? Muuguzi aliyemtazama alimwambia kuhusu nikeli, madini ambayo huchanganywa katika mapambo mengi ya bei ndogo. Kuna watu ambao ngozi yao haiipatani nayo: inawasha, inakuwa nyekundu, inatoa maji. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Ukiona dalili hizo, vua, na usijilazimishe kuzoea. Ukiwa na pumbu la usaha au homa, muone muganga. Wenye ngozi hiyo mara nyingi wanapatana na dhahabu ya kweli au fedha ya kweli. Inoksi nzuri, jamaa ya vijiko visivyoshika kutu, nayo huwafaa wengi, inadumu, na bei yake haimuumizi mtu.

Shaba nyekundu inaweza kuacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Si ugonjwa, si uchawi. Ni jasho na shaba vimekutana, na sabuni inaiondoa. Kuing'arisha, sugua kwa limau na chumvi kidogo, suuza kwa maji mengi, kausha vizuri. Hivyo ndivyo mama wa Kadutu anavyofanya, na tunashuhudia kwamba kikomo chake hakinuki samaki.

Lakini limau hilo hilo usiliguse kwenye malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo ndugu zetu wanatuletea kutoka Lubumbashi na Kolwezi. Malakiti ni jiwe laini. Limau na siki vinaliharibu, sabuni inalififisha, na likianguka linavunjika. Lifute kwa kitambaa laini tu, uliweke peke yake ndani ya mfuko mdogo. Na maji ya javel ni adui wa mapambo karibu yote: vua pete kabla ya kufua nguo nyeupe.

Pembe ya ndovu tusinunue, hata mchuuzi akiapa kwamba ni ya zamani. Biashara yake imekatazwa, na ndovu wetu wamebaki wachache. Pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa vizuri inang'aa pia.

Kwa mnaotaka kuwatoboa binti zenu masikio: sindano iwe mpya, anayetoboa awe amenawa. Sindano iliyotumika inaweza kupitisha magonjwa mazito. Baada ya kutoboa, osha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, na acha herini za kwanza ndani majuma sita hivi kabla ya kuzibadilisha.

Pesa ya pambo itoke wapi?

Hapa tunarudi kwa neno la kwanza. Pesa ya pambo isitoke kwenye minerval, isitoke kwenye dawa, isitoke kwenye mtaji wa biashara. Na mkopo wa sanduku letu la akiba si wa kununulia herini. Kama unapenda kitu cha bei, kiwekee franka chache kila juma katika kikopo chake. Kikichukua miezi sita, ni sawa. Miezi hiyo inakufundisha pia kama unakipenda kweli, maana vingi tunavyovitamani siku ya posho, siku ya Mungu tumeshavisahau.

Pete ya dhahabu ya kweli ni akiba pia. Wengi wetu tumewahi kuondoka nyumbani haraka, na tunajua kwamba pete inaingia katika pindo la kikwembe, lakini friji haiingii. Ila ujue jinsi akiba hiyo inavyokwenda: unaponunua, unalipa dhahabu na kazi ya fundi, unapouza, wengi wanakulipa uzito wa dhahabu peke yake. Kwa hiyo usinunue leo ukitegemea kuuza kesho kwa faida. Na mtu mmoja unayemwamini nyumbani ajue ulicho nacho na mahali kilipo.

Tulichokubaliana

Siku ya posho iliyopita komite ilikaa, na tumepata ruhusa ya kuwapasha habari. Kwanza, kuanzia mwaka huu, kikundi kitachagua kikwembe tu. Mapambo kila mama atakuja na ya kwake, na asiye na pambo atakuja na shingo yake, na mstari hautaharibika. Pili, mama mwalimu atarudishiwa dola 12 zake kwa mara mbili, kutoka mfuko wa msaada. Alikataa kwanza. Tukamwambia kwamba deni ni la kwetu. Seti yake mwenyewe amempa binti wa jirani ambaye masikio yake hayana shida nayo.

Tatu, kwenye mkutano ujao kila mama atakayependa alete kitu kimoja cha kujipamba kilicho nyumbani mwake, hata uzi wa shanga saba, atuambie kimetoka wapi. Hakuna zawadi, hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Mama wa sambaza alikuja kwenye mkutano huo wa posho, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Alifika mapema, akaketi benchi la mbele. Mama aliyesema lile neno la samaki aliinuka, akaenda kuketi karibu naye. Hatukusikia walichoambiana. Tuliona tu kwamba baada ya muda alikuwa ameshika mkono wa mwenzake, anakigeuza kile kikomo polepole, anakitazama upande kwa upande.

Mubaki salama. Tuonane juma lijalo.